Foleni ya Malori Tunduma: Mashine Iamue Nini, Binadamu Abaki na Nini?

Na Mwandishi Wetu, Songwe

Kwa dereva wa lori aliyepakia mzigo katika Bandari ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900 katika barabara kuu ya TANZAM hufika mahali ambapo mwendo wake hauamuliwi tena na injini wala usukani. Katika mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, dereva huyo huzima injini, hutandika mkeka chini ya tela na kusubiri zamu yake. Mbele yake na nyuma yake yapo malori ya mafuta, mbolea, vipuri na bidhaa za viwandani yanayoelekea Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa pili wa mpaka yapo yanayorejea bandarini yakiwa yamebeba shaba.

Foleni hiyo si kero ya madereva pekee. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na wenye wakazi zaidi ya milioni 1.3 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, unategemea barabara hiyohiyo kusafirisha kahawa ya Mbozi, mahindi ya Momba na wagonjwa wanaokimbizwa hospitali. Lori linaposimama siku mbili mpakani, mwenye gari hupoteza mapato, mwenye mzigo hulipa zaidi, na mkazi wa Tunduma hukosa njia ya kupita.

Swali linalostahili kuchambuliwa sasa ni iwapo elimu mpya ya udhibiti wa mitambo, ambayo leo inaongoza roboti viwandani, treni relini na ndege zisizo na rubani, inaweza kusaidia kupanga mwendo wa malori mpakani. Swali la pili, ambalo ni zito zaidi, ni kiasi gani cha uamuzi kinapaswa kukabidhiwa kwa mashine hizo.

Hatua zilizokwishachukuliwa

Serikali za Tanzania na Zambia hazikukaa kimya mbele ya tatizo hili. Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, na aliyekuwa Rais wa Zambia, Hayati Edgar Lungu, walizindua Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Tunduma na Nakonde. Kwa utaratibu wa kituo hicho, gari halikaguliwi mara mbili. Lori linalotoka Tanzania hukamilisha taratibu zake upande wa Nakonde, ambako maofisa wa nchi zote mbili wapo mahali pamoja, na linaloingia nchini hukamilisha taratibu zake upande wa Tunduma.

Katika barabara, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Serikali pia imeanza kupanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, yenye urefu wa kilomita 218, ikianzia na eneo la Jiji la Mbeya. Kwa upande wa nishati, bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, tangu mwaka 2023 linasafirisha dizeli iliyosafishwa badala ya mafuta ghafi, jambo linalopunguza haja ya kusafirisha bidhaa hiyo kwa malori.

Reli nayo inarejeshewa nguvu. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyokabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976, inapita Tunduma ikielekea New Kapiri Mposhi. Mwezi Septemba 2024 jijini Beijing, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping wa China walishuhudia utiaji saini wa hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo.

Pamoja na hatua hizo, ushindani umeongezeka. Ushoroba wa Lobito nchini Angola, ambao reli yake ilikabidhiwa mwaka 2023 kwa kampuni binafsi kuiendesha kwa miaka 30, unalenga shaba ileile ya Kongo na Zambia inayopita Tunduma leo. Mwenye mzigo huko Kolwezi haulizi ni bandari ipi yenye historia ndefu ya urafiki. Huuliza mzigo wake utachukua siku ngapi, na iwapo siku hizo zinatabirika.

Hesabu iliyofichika ndani ya foleni

Watu wengi huamini kwamba foleni ndefu ni dalili ya barabara nyembamba. Hesabu inaeleza jambo tofauti. Mwaka 1961, mtaalamu wa Marekani John Little alithibitisha kanuni rahisi: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo wowote wa foleni ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa muda ambao kila kimoja hukaa humo.

Chukulia, kwa mfano wa kufikirika, mpaka unaopokea malori 600 kwa siku, na kila lori hukaa siku moja na nusu kabla ya kuvuka. Muda wote kutakuwa na malori 900 yanayosubiri. Kila lori likichukua mita 20 za barabara, msururu unafika kilomita 18. Sasa punguza muda wa kukaa hadi nusu siku, bila kuongeza hata mita moja ya lami. Malori yanayosubiri yanabaki 300 na msururu unashuka hadi kilomita 6. Barabara ni ileile na idadi ya malori yanayovuka kwa siku ni ileile. Kilichobadilika ni saa zinazopotea.

Kanuni ya pili ni ya zamani zaidi. Mwaka 1909, mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alianza kuchunguza foleni za simu mjini Copenhagen, na kazi yake ikazaa elimu nzima ya foleni. Elimu hiyo inaonesha kwamba katika kielelezo rahisi cha dirisha moja ambalo wateja huja bila mpangilio, dirisha likitumika kwa asilimia 80 ya uwezo wake, mteja husubiri kwa wastani mara nne ya muda wa kuhudumiwa. Likitumika kwa asilimia 90, husubiri mara tisa. Likifika asilimia 95, husubiri mara 19. Kama kuhudumia lori moja huchukua dakika 10, kusubiri kunapanda kutoka dakika 40 hadi saa tatu na dakika 10, ingawa kazi iliyoongezeka haifiki hata moja ya tano.

Ndiyo maana mpaka unaoonekana kufanya kazi vizuri Jumatatu unaweza kufurika Alhamisi bila mtu yeyote kuzembea. Tatizo dogo la mtandao wa kompyuta, gari moja lililoharibika getini au uamuzi uliofanyika mbali huweza kuusukuma mfumo kuvuka ukomo. Mwezi Agosti 2024, Zambia ilipofunga kwa muda mpaka wake na Kongo kutokana na mgogoro wa kibiashara, magari yaliyokuwa yakielekea Kasumbalesa yalikwama. Lori lisiloweza kutoka Kasumbalesa haliachi nafasi kwa lililo nyuma yake, na msukumo wa namna hiyo hurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea Nakonde na Tunduma.

Mawazo matatu yanayoongoza roboti

Elimu ya udhibiti wa mitambo inayojiendesha imejengwa juu ya mawazo matatu, na yote yanaeleweka kwa mtu aliyewahi kuendesha gari.

Wazo la kwanza ni mrejesho. Mashine hupima hali iliyopo, huilinganisha na hali inayotakiwa, kisha hurekebisha tofauti. Mwaka 1788 James Watt aliweka katika injini ya mvuke kifaa cha mipira miwili inayozunguka: injini ikienda kasi, mipira hupanuka na kupunguza mvuke, ikipungua kasi, mipira hushuka na mvuke huongezeka. Mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell alieleza kwa hesabu kwa nini vifaa vya aina hiyo wakati mwingine hutulia na wakati mwingine huifanya injini iyumbe. Somo lake halijapitwa na wakati: mrejesho unaochelewa, au unaorekebisha kupita kiasi, huleta mtikisiko badala ya utulivu.

Wazo la pili ni kupanga kwa kuangalia mbele. Dereva mzoefu anayerudi kutoka Tunduma na mzigo wa shaba hasubiri gari lishike kasi katikati ya Mlima Kitonga ndipo akanyage breki. Hupunguza gia kabla ya mteremko kwa sababu anajua kona zilizo mbele. Katika miaka ya 1950, mwanahisabati wa Marekani Richard Bellman aliipa busara hiyo umbo la hesabu, akionesha kuwa mpango bora wa safari nzima unaweza kujengwa kwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma, hatua moja baada ya nyingine. Mwaka 1968, watafiti wa taasisi ya Stanford huko Marekani, waliokuwa wakimtengeneza roboti aitwaye Shakey, walichapisha njia ya kutafuta mkato mfupi zaidi kati ya vizuizi. Tangu miaka ya 1970, viwanda vya kusafisha mafuta vimetumia njia nyingine ya jamii hiyohiyo: kompyuta hupanga saa kadhaa zijazo, hutekeleza hatua ya kwanza tu, hupima tena, kisha hupanga upya.

Wazo la tatu ni kujifunza. Pale ambapo hakuna anayeweza kuandika kanuni zote za mfumo, mashine hupewa nafasi ya kujaribu, na kila jaribio hupewa alama nzuri au mbaya. Baada ya majaribio mengi, hutambua ni hatua zipi huleta alama nyingi. Wataalamu wawili walioweka misingi ya njia hii, Andrew Barto na Richard Sutton, walitangazwa mwezi Machi 2025 kuwa washindi wa Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa katika sayansi ya kompyuta. Mwaka 2016, kampuni ya Google ilieleza kuwa mashine ya kujifunza iliyotumika kusimamia upozaji wa vituo vyake vya data ilipunguza nishati ya kupoza kwa hadi asilimia 40.

Kutoka kwa roboti hadi getini

Roboti anayetafuta njia katika ghala na ofisa anayepanga malori mpakani wanakabiliwa na swali moja: kwa rasilimali chache zilizopo, hatua gani ifuate ili jumla ya hasara iwe ndogo? Tofauti ni kwamba roboti ana kielelezo cha ghala lake, ilhali mpaka mara nyingi huongozwa na kile kinachoonekana dirishani.

Katika mpaka kama Tunduma, kupanga kwa kuangalia mbele kungemaanisha kwamba saa ambayo lori linapita katika mizani ya njiani, taarifa yake ya uzito, hali ya nyaraka zake na aina ya mzigo wake zinatumika kukadiria saa litakayofika na muda litakaochukua kuhudumiwa. Mfumo hulipa miadi lori lililokamilisha nyaraka, na huliongoza lisilokamilisha kuegesha mahali penye vyoo, maji na usalama, badala ya kuliacha lizibe barabara ya mji. Kila baada ya dakika chache mpango hufanywa upya kwa sababu hali imebadilika.

Faida ya utaratibu huo haitokani na kuongeza kasi ya maofisa. Inatokana na kupunguza ujio usio na mpangilio, ambao kwa hesabu ya Erlang ndio unaozaa sehemu kubwa ya kusubiri. Bandari za nje zimethibitisha hilo kwa vitendo. Katika Bandari ya Rotterdam, magari yasiyo na dereva yalianza kubeba makontena mwaka 1993, na uzoefu wa tangu hapo umeonesha kwamba gari lenyewe si sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni kupanga lipi liende wapi na lini.

Kikwazo kikubwa kwa Tunduma kiko katika taarifa. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutumia mfumo wa forodha wa TANCIS, na Mamlaka ya Mapato ya Zambia hutumia ASYCUDA World. Kwa kuwa lori linalotoka Tanzania huhudumiwa upande wa Nakonde, kasi ya foleni ya Tunduma hutegemea nafasi iliyopo katika yadi ya nchi jirani. Kidhibiti kinachoona upande mmoja tu ni kama dereva anayeendesha usiku akiwa na taa moja. Kitatoa ruhusa kwa malori ambayo hayana mahali pa kwenda, na matokeo yake ni ule mtikisiko aliouonya Maxwell: leo mpaka mtupu, kesho umefurika.

Mashine ambazo tayari zinaamua

Kwa Watanzania, mashine inayofanya uamuzi si jambo la kesho. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, inatumia mfumo wa Ulaya wa udhibiti wa treni ngazi ya pili. Treni hupokea kwa redio ruhusa ya umbali inaoweza kwenda, na kompyuta iliyomo ndani hukokotoa muda wote ni wapi breki zinapaswa kuanza. Dereva akichelewa, mfumo hushika breki wenyewe.

Mwaka 2018, Ziwa Victoria lilishuhudia majaribio ya ndege isiyo na rubani iliyopeleka dawa Kisiwa cha Ukerewe, kwa ushirikiano wa kampuni za DHL na Wingcopter na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ. Ndege hiyo iliruka yenyewe kilomita 60 kwa takriban dakika 40, ilhali safari ya nchi kavu ni ya kilomita 240 na inaweza kuchukua hadi saa sita.

Mfano wa tatu unaihusu Tunduma moja kwa moja. Mradi wa njia ya umeme wa msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Kisada, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, unaojulikana kama TAZA, unalenga kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia, na hivyo kuunganisha ushirika wa umeme wa Afrika Mashariki na ule wa Kusini mwa Afrika. Desemba 2024 gridi ya Tanzania ilikwishaunganishwa na ya Kenya.

Katika gridi, mzunguko wa umeme hutakiwa kubaki karibu na 50 kwa sekunde. Mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, huzalisha megawati 235. Mtambo kama huo ukizimika ghafla, mzunguko hushuka papo hapo, na mitambo mingine lazima iongeze nguvu ndani ya sekunde chache. Hakuna ofisa anayeweza kupiga simu na kupata jibu kwa muda huo. Kanuni ya Watt, ikiwa sasa ndani ya kompyuta, hufanya kazi hiyo usiku na mchana. Nchi zinapounganishwa kazi huongezeka: kila upande lazima urekebishe upungufu wake bila kuvuta umeme wa jirani kuliko walivyokubaliana. Mitambo ya nchi moja ikirekebisha kwa pupa, gridi zote mbili huyumba.

Mifano hii inatoa kipimo kinachoweza kuongoza sera. Pale ambapo uamuzi unatakiwa ndani ya sekunde na kosa lake linapimika, kama katika gridi na breki za treni, mashine haina mbadala. Pale ambapo muda upo na uamuzi unagusa haki ya mtu, mali yake au riziki yake, mashine ishauri na ofisa aamue. Foleni ya Tunduma iko katika kundi la pili.

Tuzo mbaya huzaa tabia mbaya

Mashine inayojifunza hufuata alama inazopewa, wala haielewi nia ya aliyezitoa. Iwapo itapewa alama kwa idadi ya malori yanayovuka kwa siku, itagundua haraka kwamba njia rahisi ni kupitisha kwanza malori matupu na yenye nyaraka nyepesi. Takwimu za mwezi zitapendeza. Mwenye lori la nyanya, au mfanyabiashara mdogo aliyechangia kontena moja na wenzake kumi na nyaraka zao ni nyingi, atasukumwa nyuma kila siku. Kwa hiyo kipimo kinapaswa kuhesabu saa za kusubiri, kuzipa uzito zaidi bidhaa zinazoharibika, na kuweka ukomo ambao hakuna lori litakalosubiri kuuvuka, hata kama kulipitisha kutapunguza wastani.

Hatari ya pili iko katika uteuzi wa mizigo ya kukaguliwa. Mashine ikifundishwa kwa kumbukumbu za ukaguzi wa miaka iliyopita, itajifunza mizigo iliyokamatwa na pia mazoea ya waliokagua. Kundi lililokaguliwa zaidi zamani ndilo litakaloonekana kuwa na makosa mengi, hivyo litakaguliwa zaidi, na makosa yake yatazidi kuonekana. Wakati huohuo mkwepa kodi ambaye hakuwahi kuangaliwa ataendelea kuonekana msafi.

Dawa yake inafahamika: sehemu ya ukaguzi ifanywe kwa kuchagua bila upendeleo wowote, kama kura, ili mashine ipate kujua hata yale isiyoyatarajia. Mkataba wa Kuwezesha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitaka forodha itumie tathmini ya vihatarishi bila ubaguzi usio na sababu, na unaruhusu uteuzi wa namna hiyo. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inatambua haki za mtu dhidi ya uamuzi unaofanywa na mitambo pekee. Dereva au wakala wa forodha aliyezuiliwa anastahili kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na kupata ofisa mwenye mamlaka ya kuupitia upya uamuzi huo.

Hatari ya tatu ni kuiamini mashine kabla haijapimwa. Roboti hufundishwa kwanza ndani ya mwigo wa kompyuta, ambako anaweza kuanguka mara elfu bila kumuumiza mtu. Mpango wa foleni nao unapaswa kujaribiwa kwanza dhidi ya kumbukumbu halisi za siku zilizopita: Je, mashine ingepanga vipi siku ambayo mtandao ulikatika? Ingefanya nini mpaka wa mbali ulipofungwa ghafla? Baada ya hapo iendeshwe sambamba na maofisa kwa muda ikitoa ushauri tu, na matokeo yalinganishwe hadharani. Umeme au mtandao unapokatika, mpaka lazima uwe na utaratibu wa mkono unaofahamika na kila ofisa wa zamu.

Yanayopaswa kutangulia

Teknolojia ya bei kubwa si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kupima kwa uaminifu: lori lilifika saa ngapi, nyaraka zilikamilika saa ngapi, lilivuka saa ngapi, na kila kipande cha muda kilipotelea wapi. Bila saa hizo kuandikwa kwa namna moja pande zote mbili za mpaka, hakuna mashine itakayojifunza lolote lenye manufaa.

Hatua ya pili ni makubaliano ya kubadilishana taarifa kati ya taasisi za Tanzania na Zambia, kwa mipaka ya kisheria iliyo wazi. Ya tatu ni maeneo ya kuegesha nje ya mji, kwa kuwa miadi haina maana pale ambapo lori halina pa kusubiria. Ya nne ni watu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kiko mwendo wa saa chache kutoka Tunduma, na Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha zina wataalamu wa kompyuta na uhandisi. Foleni ya Tunduma ni maabara ambayo hakuna chuo cha nje kinachoweza kuwa nayo. Mwanafunzi anayefahamu kwa nini wakala wa Nakonde huchelewa Ijumaa jioni ana elimu ambayo programu iliyonunuliwa ng'ambo haina.

Mawakala wa forodha, vijana wanaohudumia madereva, mama lishe na wafanyabiashara wadogo wanaovuka kwa miguu nao wasisahauliwe. Riziki ya wengi wao inatokana na lori kusimama. Mpaka wenye kasi utabadilisha shughuli zao, na ni busara wakashirikishwa mapema ili vituo vya kuegesha, maduka na huduma zipangwe wao wakiwemo.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa na Rais Samia jijini Dodoma mwezi Julai 2025, inaweka teknolojia na mageuzi ya kidijitali miongoni mwa vichocheo vya uchumi. Wananchi wataipima ahadi hiyo kwa mambo wanayoyaona. Tunduma, kipimo chake kitakuwa chepesi kusomeka: dereva aliyefika alfajiri ajue saa atakayovuka, na saa hiyo ikifika, avuke. Mashine inaweza kuikokotoa saa hiyo. Kuihakikisha, na kujibu pale inapovunjwa, kutabaki kuwa wajibu wa watu waliopewa dhamana.